Alamisho za darasa ziwe mali ya darasa

Ni jambo lisilopingika kwamba mwalimu anayekusanya anwani za kurasa za intaneti, akazisoma, akazipanga kwa mada na kuwapa wanafunzi wake, anafanya kazi ya ualimu iliyo kamili. Ametenganisha mchele na pumba kabla somo halijaanza. Kwa hiyo huduma za kuhifadhi alamisho mtandaoni ni vyombo vya kufundishia vyenye manufaa. Kosa ni kumkabidhi mfanyabiashara ghala pamoja na ufunguo wake.

Historia ya Delicious ni ushahidi tosha. Huduma hiyo ilianzishwa nchini Marekani mwaka 2003 na Joshua Schachter. Walimu waliipenda kwa sababu darasa zima likikubaliana kutumia lebo moja, alichokipata mwanafunzi mmoja kilionekana na wote. Mwaka 2005 ikanunuliwa na Yahoo. Mwaka 2010 zikavuja habari kwamba Yahoo inakusudia kuachana nayo. Mwaka 2011 ikauzwa tena. Mwaka 2017 ikaangukia mikononi mwa mshindani wake, Pinboard, na tangu hapo haikupokea tena alamisho mpya. Nayo Pocket ilifungwa na Mozilla mwezi Julai 2025. Katika mauzo na maamuzi yote hayo, mwalimu hakuwa na kura.

Wapo wanaodai kwamba kitu cha bure hakina mlalamikaji. Hoja hiyo ni potofu. Kazi ya kuchagua, kusoma na kupanga ilifanywa na watumiaji, walimu na wanafunzi wakiwamo. Na ni kazi hiyo iliyoipa huduma thamani ya kuuzwa. Wapo pia wanaosema alamisho zikipotea mwalimu atafute upya. Hao wanasahau kwamba mtambo wa kutafutia humpa mtu maelfu ya kurasa, lakini haumpi uamuzi wa mwalimu anayelijua darasa lake.

Basi wajibu uko wazi. Kila mwisho wa muhula, alamisho zote zishushwe katika faili la kawaida linalofunguka kwa kivinjari chochote, na nakala ibaki shuleni. Huduma isiyoruhusu kushusha alamisho isiingizwe darasani hata siku moja. Tena kila alamisho iandikiwe sentensi mbili: kilichomo, na sababu ya kuchaguliwa. Ukurasa ukitoweka, fikra iliyouchagua itabaki. Kazi hiyo wapewe wanafunzi wenyewe, kwa kuwa anayelazimika kutoa sababu hujifunza kupima habari, wala hadanganywi kwa urahisi.

Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Shule inayoiacha hazina yake mikononi mwa makampuni, bila nakala wala kumbukumbu, isishangae siku itakapobisha hodi na kukuta mlango umefungwa.