Reli Ndogo Shambani

Wazee waliotutangulia huko Uvira waliijua sauti ya gari-moshi. Katika miaka ya 1930 reli ilitoka bandari ya Kalundu, ikafuata bonde la Ruzizi hata Kamanyola, mwendo wa kilomita 94 hivi. Hapo iliishia, mizigo ya kwenda Bukavu ilishushwa, ikapakiwa tena katika malori. Mwisho wa miaka ya 1950 reli hiyo ilifungwa.

Je, baba wa nyumba aweza kujijengea reli yake, ya kuchukua mihogo, matofali na mashada ya michikichi? Aweza, wala si mchezo wa watoto. Mwaka 1875, karibu na Paris, mkulima Mfaransa Paul Decauville aliona magari yake yakizama matopeni wakati wa kuvuna viazisukari. Akatengeneza reli nyepesi, vipande vipande, ambavyo watu waliweza kuvibeba kwa mikono na kuviunganisha shambani. Reli za namna ile zikaenea ulimwenguni.

Nguvu ya reli yatoka wapi? Gurudumu gumu juu ya njia ngumu halizami. Mahali tambarare, tani 1 juu ya reli ya shamba iliyotengenezwa vema husukumwa kwa nguvu ya kilo 10 au 15 tu. Lakini jihadhari na mlima! Kila sentimita 1 ya kupanda katika mita 1 ya mwendo huongeza kilo 10 kwa tani hiyo. Ukipanda sentimita 5, umeongeza kilo 50, na faida yote imekwisha.

Basi, kabla ya kununua msumari hata mmoja, tembea shambani na pimamaji. Usiishushe njia moja kwa moja kutoka mlimani. Izungushe ubavuni mwa kilima, mteremko usizidi sentimita 2 kwa mita. Panga mzigo ushuke na kigari kitupu kipande. Hapo mwenye shamba juu ya barabara ana bahati.

Sasa kazi yenyewe. Reli yaweza kuwa mbao ngumu zilizopigiliwa ukanda wa chuma juu. Mataruma yawe ya mti usioliwa na mchwa, nusu mita kati ya moja na jingine, juu ya kokoto. Kata fimbo moja ya kipimo, sentimita 40 kwa mfano, nayo ipime upana wa njia kila mahali. Katika kona tu uongeze kidogo, na kona iwe pana sana. Magurudumu yawe na ukingo upande wa ndani, usije ukaanguka njiani. Chimba mtaro upande wa juu, maana mvua za kwetu hazina adabu. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba nyingi mjini Uvira; njia yako isiyo na mtaro itadumu siku ngapi?

Breki itengenezwe kabla ya kigari kupakiwa mara ya kwanza. Gogo linalobana gurudumu kwa mpini mrefu latosha, lakini lijaribiwe kwanza kwa mawe, si kwa mavuno. Kigari chenye kilo 300 kikiachiwa mteremkoni hakimjui mwenyewe. Mtu asitembee mbele yake. Watoto wasikipande hata siku moja, hata wakilia. Na jioni kifungwe kwa mnyororo na kufuli. Baba asiyeweza kuilinda sheria hii asijenge.

Kadhalika hesabu vema. Mwenye magunia machache kwa mwaka na anunue gari la mkono la gurudumu moja, atapata faida zaidi. Tena njia ifike pale mzigo unapokwenda hasa. Ikiishia mita 100 kabla ya barabara, kazi ya kushusha na kupakia itakula nguvu uliyookoa.

Na nani atabeba mzigo kwa zile mita 100? Twamjua: ni mama, kamba ikimbana paji la uso, mtoto akimfuata nyuma. Baba atakayeamua njia ipite wapi na amwulize yeye kwanza, kwa kuwa ndiye aijuaye kila hatua ya mlima ule.