Kuinamisha Kichwa si Jambo Dogo

Mkoloni hatawali kwa bunduki peke yake. Hutawala pia kwa kuyapa mambo majina mapya, na anayelikubali jina huwa amekwisha kuikubali nusu ya amri. Hayo ndiyo yaliyowafika Wakristo wa Korea chini ya utawala wa Japani, ulioinyakua nchi yao mwaka 1910 na kukoma mwaka 1945.

Hapo awali Wakristo wengi walisimama bega kwa bega na umma. Tangazo la uhuru lililotolewa Seoul tarehe 1 Machi, 1919, lilitiwa sahihi na watu 33, na 16 kati yao walikuwa Wakristo. Mwezi uliofuata askari wa Kijapani waliwakusanya wanaume wa kijiji cha Jeamni ndani ya kanisa, wakawapiga risasi na kulitia kanisa moto. Ukatili huo haukuacha shaka. Dhalimu alijulikana, na aliyedhulumiwa alijulikana.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja bila moto. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaamuru walimu na wanafunzi, hata wa shule za misheni, kwenda kuinama mbele ya mahekalu ya Shinto. Wakuu wake walidai kwamba hiyo si ibada bali ni wajibu wa raia tu. Wapo viongozi wa makanisa walioikubali hoja hiyo, wakitumaini kuziokoa shule. Wengine waliona heri shule zifungwe. Mwezi Septemba, 1938, Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbiteri ulikutana Pyongyang. Huku polisi wakiwamo ukumbini, ulipitisha azimio kwamba kuinama huko hakupingani na imani.

Si haki kuwaita wasaliti wote waliokubali. Mwalimu aliyewaona wanafunzi wake wakikaribia kukosa shule alikuwa na sababu ya kusita. Lakini hoja yao ilikuwa na ufa. Ikiwa kuinama kulikuwa jambo dogo, kwa nini aliyekataa alitiwa gerezani? Mchungaji Chu Ki-chol wa Pyongyang alilifahamu jibu. Alikataa, akafungwa zaidi ya mara moja, akafia kifungoni mwaka 1944. Mtawala hakutaka vichwa vilivyoinama. Alitaka dhamiri zilizonyamaza.

Kanisa hilo lilikuja kulifuta azimio lake mwaka 1954, miaka tisa baada ya mkoloni kuondoka. Kufikia wakati huo, ugomvi kati ya waliokataa na waliokubali ulikuwa umekwisha kuwagawa waumini. Dhamiri iliyouzwa kwa siku moja haikombolewi kwa siku moja.

Basi kila aliyekabidhiwa watu, awe mwalimu mbele ya darasa au mtumishi mwenye muhuri mkononi, hana budi kukipima kitendo chenyewe, wala si jina kilichopewa.