ORODHA ISOMWE HADHARANI



Wapo wanaotuambia kwamba yaliyopita si ndwele. Tutayagangaje yajayo kabla hesabu ya jana kusomwa mbele yetu?

Tarehe 23 Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuunusuru uchumi uliopigwa na Korona. Wakulima wadogo 200,000 walitengewa bilioni 3 za pembejeo, kwa vocha za kielektroniki. Wenye mashamba ya maua na mazao ya bustani yauzwayo ng'ambo wakatengewa bilioni 1.5. Gawanyeni wenyewe: fungu la mkulima mdogo ni shilingi 15,000. Nambale na Butula hatuwapelekei Wazungu maua. Tunalima muhogo, wimbi, mtama na mahindi, pamoja na miwa, ambayo mnunuzi wake wa zamani, kiwanda cha Mumias, kiliwekwa chini ya msimamizi na benki iliyokidai, mwaka 2019.

Tunauliza basi: katika hao 200,000, wa Busia walikuwa wangapi, nao ni akina nani? Swali hili si uchochezi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 201 chataka fedha za umma zishughulikiwe kwa uwazi.

Tena sisi wa mpakani tuna haki ya kuuliza kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka ule wa 2020 malori ya shehena yalipita Malaba, ingawa kwa foleni ya siku nyingi, madereva wakingoja kupimwa. Mama mwenye kikapu cha mboga hakupita. Mpaka ulifungiwa watu, na mpaka ndio soko letu. Hata jina la bodaboda lilizaliwa hapa, kwa kuwavusha watu toka upande hadi upande. Mwezi huo wa Mei mto Nzoia ukafurika Bunyala, ukameza mashamba. Mkulima wa huko alipoteza soko na shamba kwa msimu mmoja. Je, vocha ilimfikia? Vocha ya namna hiyo hutaka simu, na laini husajiliwa kwa kitambulisho. Mjane ambaye laini yake imeandikishwa kwa jina la mwanawe, nani alimwandika?

Twaambiwa kuwa kusoma majina ni kuwaaibisha maskini. La hasha! Fedha zile hazikuwa sadaka ya mkubwa yeyote; ni kodi yetu, tuilipayo hata tununuapo sabuni. Anayeona haya orodha ikisomwa si maskini. Mwaka huo huo kashfa ya vifaa vya Korona katika KEMSA ilimlazimu Rais mwenyewe kuagiza uchunguzi ukamilishwe kwa siku 21.

Wakristo wenzetu, someni Matendo ya Mitume, sura ya sita. Wajane walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, wakanung'unikiwa. Mitume hawakuwanyamazisha walionung'unika. Waliliita kusanyiko lote, na kusanyiko likachagua watu saba wenye sifa njema wa kusimamia mgawo.

Tangu 2023 wakulima wanaandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku: daftari jingine, watu ni wale wale. Kwa hiyo tunadai orodha ya 2020 na hii ya sasa zibandikwe katika ofisi ya kila chifu, kata kwa kata, kutoka Malaba hadi Bunyala, zisomwe barazani. Kila kanisa na liteue watu wawili waende kwa chifu wiki hii na barua ya maombi, wabaki na nakala iliyopigwa muhuri.