Koti la ngozi

Jamani, jana usingizi sikupata, nilikuwa namsoma Susan Fowler, mhandisi aliyefanya kazi Uber kule Marekani. Februari 2017 aliandika jinsi bosi alivyomtongoza kwa meseji. Akashitaki, akaambiwa ni kosa la kwanza la jamaa. Kumbe na wenzake waliambiwa hivyo hivyo! Makoti ya ngozi wakapewa wanaume tu, eti wanawake ni wachache, kwa hiyo yao hayapati punguzo la jumla. Moto haukuzimika: Juni, Travis Kalanick akaachia ukurugenzi.

Sasa nyie mnaosema wanawake wakiandika habari za kompyuta wanalalamika tu (hata mimi nilisema hivyo mwaka wa kwanza, aibu), silabasi yetu inamtaja wapi bosi wa namna hiyo? Nikienda kufundisha kwa vitendo, koti lile naingia nalo darasani. Anayebisha aje.