Kome wadogo wanashuhudia

Kuna wenzetu waliosoma ambao hupenda jibu moja kwa kila jambo. Ukiwauliza: Viumbe wa kale waliangamizwa na nini? hujibu upesi: Jiwe lilianguka toka juu, basi! Sisi twasema: Sivyo. Jiwe lilianguka kweli, huko Mexico, miaka milioni 66 iliyopita. Lakini maangamizi makubwa ni matano, na moja tu ndilo lenye ushahidi wazi wa jiwe.

Tuyaulize magamba yaliyogeuka mawe. Katika miamba ya China ya kusini mna magamba ya brakiopodi, wanyama wa bahari wanaofanana na kome. Wataalamu waliyapima, tabaka kwa tabaka, wakaona kwamba kabla ya maangamizi ya miaka milioni 252 iliyopita wanyama hao walikwisha anza kuwa wadogo. Je, jiwe laweza kumdhoofisha kome kabla halijafika? Mkosaji ni mwingine: volkano za Siberia. Zilitoa hewa ya kaboni nyingi mno, bahari ikapata joto, na oksijeni ikapungua majini. Penye joto mwili hutaka oksijeni zaidi; mwili mdogo huvumilia, mkubwa hushindwa.

Miaka milioni 183 iliyopita mambo kama hayo yalirudi. Safari hiyo volkano zilikuwa za Karoo, kusini mwa Afrika yetu. Na brakiopodi wa Hispania wakawa wadogo joto lilipozidi.

Mtu atapinga: Labda hayo ni magamba ya watoto! Neno hilo ni la haki. Kwa hiyo yawapasa wapimaji kulinganisha kabila moja na lile lile, na kutazama mistari ya kukua katika gamba.

Kwa nini tushindane juu ya kome? Kwa sababu anayengoja jiwe hutazama juu, wala haoni maji yaliyo miguuni pake. Ziwa letu Tanganyika linazidi kupata joto. Mwaka 2016 wataalamu walionyesha kwamba samaki na konokono wake walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara. Nyavu za matundu madogo zina kosa, hatukatai. Lakini wanaomtwika mvuvi lawama yote wanarudia kosa la wale wa jiwe. Ndugu, tupime kwanza, ndipo tuhukumu.