Je, Nishati Tuli Imetulia?

Limezoeleka katika masomo yetu ya sayansi jina "nishati tuli" kwa ile nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu ya mahali kilipo. Kwa maoni yangu, jina hilo linapoteza wanafunzi kuliko hesabu yenyewe. Mtoto hulipokea katika shule ya msingi, akafika nalo sekondari akiamini kuwa kitu kilichotulia kina nishati tuli, kiendacho kina nishati mwendo, na kwamba kitu kimoja hakiwezi kuwa nazo zote mbili.

Hebu tuutazame mnazi. Nazi ya kilo 1.5 inaning'inia meta 12 kutoka ardhini. Tukikadiria mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kila kilo, nazi hiyo ina jouli 180. Kikonyo kikikatika, huanguka. Ifikapo meta 6, tukiuacha ukinzani wa hewa, imebakiwa na jouli 90, na 90 nyingine zimekwisha kuwa nishati mwendo. Wakati huo inakwenda karibu meta 11 kwa sekunde. Zile jouli zilizobaki, nazo tuziite tuli?

Wala kutulia hakutoshi kutupa jibu. Nazi ikiisha kulala chini, mwanafunzi ataandika kuwa nishati yake ni sifuri. Lakini ukichimbwa ubavuni mwake shimo la meta 5, tukapima kutoka chini ya shimo, nazi ina jouli 75, ingawa haikusogezwa hata kidogo. Sifuri tunaichagua sisi. Mwalimu asiyelitamka jambo hilo ubaoni huwapa wanafunzi kanuni bila ufunguo wake. Tena nishati hiyo si mali ya nazi peke yake. Ni ya nazi na dunia kwa pamoja, maana pasipo mvutano baina yao hakuna cha kuhesabu. (Hata neno "kutulia" lina mashaka yake: nazi iliyowekwa mezani mjini Nanyuki, penye ikweta, huzungushwa pamoja na dunia kwa mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa.)

Mimi ningependelea "nishati ya mahali". Atakayeniuliza juu ya mpira wa manati uliovutwa ana haki, kwani humo nishati imo katika umbo, si katika kimo. Basi jina na lijadiliwe. Lakini mtihani hauna haja ya kungoja mjadala huo: badala ya kumtaka mwanafunzi atoe fasili aliyoikariri, na aulizwe habari za nazi iliyo katikati ya safari yake.