Nisafishe Kidogo

Jumatatu asubuhi ni zamu ya picha ndogo. Wanakuja wanafunzi wanaoomba vyuo, vijana wa bodaboda wanaofuatilia leseni, kina mama wa vikoba waliotakiwa picha mbili za fomu. Mtu anakaa kwenye stuli mbele ya kitambaa cha buluu, nampiga, namgeuzia skrini ajione. Wengi husema neno lile lile: "Kaka, nisafishe kidogo."

Neno hili nalifahamu tangu likiwa na maana nyingine. Nilipoanza kazi mwaka 1996, kwenye duka la kusafishia picha pale Kariakoo, kusafisha kulikuwa ni dawa na maji. Mtu alileta filamu yake ya picha 36, ukampa kikaratasi chenye namba, akarudi kesho kutwa. "Zile za harusi zimeshasafishwa?" Hakuna aliyemaanisha kwamba maharusi wana uchafu. Kusafisha ilikuwa ni kumtoa mtu gizani, aonekane. Leo, bila mkutano wala tangazo, neno limehama. "Nisafishe" maana yake ni nifanye mweupe. Kinachosafishwa si picha tena, ni mtu.

Nataka kugombana na neno hilo na sisi tunaolitii. Nianze na mimi, maana mkono wangu umo.

Miaka michache iliyopita dada mmoja aliingia dukani kwangu Tandika jioni, macho yamevimba. Mama yake amefariki usiku wa kuamkia siku ile, mazishi ni kesho, anataka picha kubwa ya kutangulizwa mbele ya jeneza. Alikuwa na picha moja tu ya maana, ya simu, iliyopigwa siku ya kipaimara cha mjukuu: mama amekaa nje ya kanisa saa saba mchana, gauni jeupe, kilemba cheupe, na uso umezama kabisa. Alikuwa mweusi tititi. Miaka yake mingi ilikwisha kwenye umama ntilie kule Feri, jua la bahari upande huu, moto wa kuni upande ule. Shavu la kushoto lilikuwa na kovu la kuungua, refu kama kidole.

"Kaka, msafishe," dada akasema. "Watu watakuja wengi, hata wa kazini kwangu. Asionekane mweusi hivyo."

Nikampa pole, nikampa kiti. Kazi ilinichukua robo saa. Niliinua mwangaza wa picha nzima, nikaongeza ujoto kwenye ngozi, nikaburuta mpaka mama akawa rangi ya chai ya maziwa. Kovu nikalipitia kwa brashi mara tatu, likaisha. Makunyanzi chini ya macho nikayapunguza. Dada akatazama, akalia, akasema, "Amependeza. Ametakata." Nikajiona nimemsaidia mfiwa.

Kesho yake fremu niliipeleka mwenyewe Mbagala kwa sababu kioo kilichelewa. Nikaiweka mezani chini ya turubai, pembeni ya maua. Nikapewa chai. Nikiwa nakunywa, akaletwa bibi mmoja ameshikwa mkono, dada mkubwa wa marehemu, ametoka Masasi kwa basi. Akasimama mbele ya ile picha, akainama, akaitazama kwa muda. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayetaka kujua: "Na huyu naye amefariki lini?"

Wakamwambia, bibi, ndiye huyo. Akatikisa kichwa. Akagusa kioo, pale shavuni. "Kovu lake liko wapi? Mimi ndiye niliyembeba siku alipoangukia mafiga."

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, kikombe mkononi, na sikusema kwamba kovu liko Tandika kwenye kompyuta yangu.

Nikiwasimulia wenzangu kisa hiki huwa wananijibu kwa mkato: mteja ni mfalme. Ameomba, amelipa, wewe ni nani? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mteja angeletwa dukani na mawazo yake mwenyewe. Lakini sisi ndio tuliomfundisha. Tazama vibao vyetu vya nje, kila studio ina picha mbili zilizobandikwa ubavu kwa ubavu, kabla na baada, na ya "baada" siku zote ni nyeupe zaidi. Simu nayo inamrembesha mtu hata kabla hajabonyeza. Anafika kwangu akiwa ameshazoea uso usio wake, na mimi nikimwonyesha wa kwake anadhani kamera yangu ni mbovu. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tunapomwona mtu aliyechubuka kwa mkorogo tunamsikitikia. Sisi tunauza mkorogo usiochubua wala kunuka, kwa bei ya picha nne.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kulaumu mitambo. Hapo wana ukweli, na ukweli huo unafaa ujulikane. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilipanga mashine zao kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi za Kodak ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyekuwa wa kwanza kupigwa. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Watu weusi walipolalamika kwamba wanatoka kama vivuli vyenye meno, haikuwa dharura. Inasimuliwa kwamba kampuni ilichangamka zaidi pale watengenezaji wa samani na wa chokoleti walipolalamika kwamba mbao nyeusi na nyeupe hazitofautiani pichani, na chokoleti zote zinafanana. Msomaji, rudia kuisoma hiyo: kabati na chokoleti. Na Afrika Kusini ya makaburu kamera za Polaroid zilitumika kupiga picha za pasi ambazo Mwafrika alilazimishwa kutembea nazo. Wafanyakazi wawili Weusi wa kampuni hiyo kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kuipinga mwaka 1970, na ilipofika 1977 kampuni ikajitoa nchini humo.

Mimi mwenyewe nililitumikia jambo hilo. Mashine yetu ya Kariakoo ilikuwa na vitufe vya kurekebisha rangi na kitufe cha kukoleza au kufifisha, na tulijifunza kwa vidole kwamba harusi ya kwetu haitaki vipimo vilivyokuja na mashine.

Lakini filamu imeshakufa, jamani. Kamera ya leo, hata ya bei ya kawaida, inaona ndani ya weusi vitu ambavyo filamu ya mwaka 1996 isingeviota. Kwa hiyo tunapoendelea kumsingizia Shirley tunaficha jambo la aibu zaidi, kwamba hatujui mwanga. Tunapiga ovyo, halafu tunamlipisha mtu kwa ngozi yake.

Chukua yule mama wa kipaimara. Kwa nini uso wake ulizama? Kamera haijui kanisa wala mama. Inachokijua ni wastani. Inaichukulia dunia yote kuwa ya kijivu cha katikati. Ikikutana na gauni jeupe na kilemba cheupe juani, inadhani mwanga umezidi, inaubana. Gauni linatoka zuri, kila nyuzi inahesabika, na uso unabaki shimo. Kosa limefanywa na kipimo, lakini lawama anabebeshwa mama: "ni mweusi sana". Fundi mwenye haya angepima uso, siyo gauni. Angeacha kitambaa kiungue kidogo, kwani nani anakuja msibani kumkumbuka mshonaji? Au angemwambia, mama, shikamoo, hebu sogea hatua mbili, ukae hapa kivulini, uso uelekee ule ukuta uliopakwa chokaa. Bila hata senti moja ya programu, macho yangeonekana.

Ngozi nyeusi haimezi mwanga wote kama watu wanavyosema. Mwingine inaurudisha, kama maji yanavyourudisha. Mpige flashi ya usoni, utapata madoa meupe kwenye paji na pua, na kwingine giza. Mweke karibu na mlango ulio wazi, mwanga umjie kwa ubavuni, utaona mfupa wa shavu ukichorwa kwa mstari mmoja mrefu, na chini yake rangi ambazo ngozi nyepesi haina: buluu kidogo, wekundu wa udongo, wakati mwingine zambarau. Siku ya mawingu ni bora zaidi, anga lote limekuwa taa moja. Masika, wakati wenzangu wanafunga mabegi na kulalamika, ndiyo miezi yangu ya picha nzuri.

Jua la mchana, hasa la kwetu, ni adui. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena kwenye Oktoba, linapita utosini kabisa hapa Dar, na miezi mingine haliko mbali na hapo. Bado tunawapanga maharusi ufukweni saa saba mchana, macho yamekuwa mashimo mawili, halafu usiku tunakaa kwenye kompyuta "kuwasafisha". Walimu wa intaneti wanasifia mwanga wa dhahabu wa jioni kana kwamba una saa nzima. Wao wanafundisha kutoka nchi ambazo jua hushuka kwa mshazari. Letu linadondoka wima. Ukienda kutafuta betri, limeshazama.

Na kwa kuwa nimewataja walimu hao: zile pakiti za rangi tunazonunua kwao, bonyeza mara moja picha nzima ibadilike "hali", zilitengenezwa na watu wanaopenda majani makavu ya Ulaya. Zinageuza kijani kuwa kahawia. Nimeona harusi ya Morogoro, mwezi wa nne, milima ya Uluguru imelowa kijani kibichi, na kwenye albamu kila jani limekuwa la kahawia kama nchi ina ukame. Bibi harusi alikuwa na furaha ya wazi, vijino vyote nje, na picha inaomboleza. Hali ya picha si mchuzi wa kumwagia kila sahani. Iko kwenye uso wa aliyepigwa na kwenye kivuli kinachomwangukia, na ukifuta vivuli vyote ili atakate, umeifuta nayo.

Wapo watakaonipigia makofi hapa kwa sababu isiyo sahihi. Hao ni watu wa "picha halisi haihaririwi". Na wao siwapi mkono. Hakuna picha isiyohaririwa. Simu yako imehariri kabla hujaiona, na mimi nilikuwa nahariri kwa vitufe vya Kariakoo kabla neno lenyewe halijazoeleka midomoni mwetu. Studio za zamani za pwani zilipaka rangi kwa mkono juu ya picha nyeusi na nyeupe, kitambaa cha nyuma kikachorwa mandhari ya mbali, na watu wakapendeza. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikata picha za watu na kuziunganisha na nyingine, akapata vitu ambavyo jicho halijapata kuviona. Hakuna aliyedanganyika. Uhariri ule ulijitangaza, ulikuwa mchezo na mteja aliucheza. Huu wa kwetu unajificha, unataka uaminiwe kuwa ndiyo sura.

Kwangu mimi nimejiwekea mpaka: kinachopita nafuta, kinachokaa naacha. Chunusi ya wiki hii naiondoa bila kuulizwa. Kivuli cha uso nakiinua mpaka macho yaonekane, kisha naacha. Kovu, mwanya, ndonya, rangi, naviacha. Mpaka huo umeshavunjika mara moja. Alikuja binti aliyeungua usoni, na hakuungua kwa bahati mbaya, akasema anataka picha moja tu, ya kuweka chumbani, kabla ya ile siku. Nililifuta kovu lile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Sikumhubiria. Kovu lilikuwa lake, na uamuzi ulikuwa wake. Mama wa Feri hakuulizwa na mtu.

Yeye nilimrudia siku chache kabla ya arobaini. Nilifungua lile faili la mwanzo, lililotoka kwenye simu, nikakaa nalo jioni nzima. Gauni nililiacha liungue. Nilifanya kazi usoni tu, taratibu, nikiinua vivuli kidogo na kusimama, kidogo na kusimama. Rangi yake ikabaki. Kovu likatokea. Halafu likatokea jambo ambalo mara ya kwanza sikuliona kwa sababu ya haraka ya kumtakasa: pembe ya mdomo imeinuka. Alikuwa anazuia kicheko. Sijui nani alikuwa anamchekesha.

Nikaichapa kwa ukubwa ule ule, nikatia fremu kama ile, nikaipeleka Mbagala bila kuitwa. Ile ya kwanza ilikuwa sebuleni, juu ya televisheni, imezungushiwa maua ya plastiki. Dada aliipokea ya pili kwa mikono miwili, akaitazama, akasema, "Asante, kaka," akaiegemeza ukutani, uso ukielekea ukuta. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa robo saa ya kazi, kwamba mama yake anahitaji kurekebishwa.

Bibi alikuwa bado hajarudi Masasi. Alitoka chumbani polepole, akaigeuza mwenyewe. Hakusema kitu. Alivua kanga ya mabegani, akaitandika kwenye mkeka, akaanza kuifunga ile fremu kama anavyofungwa mtoto, huku akiniuliza kama kioo kitafika salama kwa basi.

Nikamwambia asiiweke buti. Aipakate.